Watoto wa Paka Chini ya Ngazi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Dallas sote wazima. Mjomba wako amehamishiwa zamu ya usiku kule ghalani, sasa mchana kutwa anakoroma kama jenereta.

Juzi uliponipigia simu kutoka Houston kuhusu watoto wa paka uliowakuta chini ya ngazi za jengo lenu, nilikuambia usiwabebe kwanza. Ukaniuliza, "Bibi, kwani huna huruma?" Neno hilo limenikaa moyoni. Acha nikujibu.

Tulipokimbia kwetu Kongo sikuwa nimefikisha miaka sita. Mengi ya safari ile nayaacha. Siku moja mama aliniketisha kando ya njia, akachukua kibuyu, akaenda kutafuta maji. Akapita mwanamke mmoja mwenye moyo mzuri, akadhani nimetupwa. Akanibeba mgongoni, akaenda nami. Alinilisha, hata akaniimbia. Huruma alikuwa nayo tele. Mama alinitafuta siku mbili.

Msimu huu paka wanazaa kila mahali, na mama wa hao watoto lazima atoke kutafuta chakula. Kaa mbali, uangalie. Asiporudi hadi jioni, wapeleke kwenye kile kituo cha wanyama mnachokisaidia. Akirudi, waache naye; kituoni peleka taulo zako kuukuu tu, maana huko nako kumejaa wanyama.

Mama aliponipata, kibuyu kilikuwa bado kimejaa. Siku zote mbili hakunywa hata tone.

Mimi bibi yako,
Furaha