Upepo wa Nyota Iliyokufa

Jumatatu, 3 Juni
Kurasa kumi na mbili kabla ya adhuhuri. Siku ya thelathini na moja ya eda. Sitoki, kazi inanifuata. Ijumaa mchapishaji atatuma mtu kuchukua kitabu cha nyota cha marehemu mume wangu, Hamidu. Alifundisha fizikia, mimi Kiswahili. Vitabu vyake vyote nilivihariri mimi.

Sura ya saba ina pengo. Aya iliyokuwa hapo niliifuta kwa mkono wangu.

Jumanne, 4 Juni
Aliandika kwamba nyota kubwa, ingali hai, hupuliza gesi kwa nguvu ya mwanga wake. Nikakubali. Kisha kwamba ikilipuka, kiini kinachobaki huzunguka kwa kasi na kuendelea kupuliza upepo mkali wa chembe zenye umeme. Nikapiga mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: "Kilichokufa hakipulizi. Upuuzi."

Alisoma, akanirudishia karatasi. Siku ya tatu akafariki, hatujaombana radhi.

Chumba chake nimekifunga. Kikohozi chake bado nakisikia. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Zuhura, dada yake, ametoka Boko na bakuli la samaki. Nikamweleza habari ya aya niliyoifuta. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akakunja uso.

"Wewe wifi! Darasani mwako hata maiti hapewi nafasi ya kujitetea? Muulize anayejua."

Sikulala mchana.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempigia Mwalimu Mushi wa Mikocheni, aliyefundisha fizikia pamoja na Hamidu.

"Mumeo yuko sahihi, mama. Kiini kinazunguka, kasi inapungua kidogo kidogo. Nguvu inayopotea ndiyo inayousukuma upepo. Upepo huo ukiyapiga mabaki ya nyota, yanang'aa maelfu ya miaka."

"Una hakika?"

"Tulibishana juu ya hilo tukiwa vijana. Alinishinda."

Nimekosa. Nilimwita mpuuzi mtu aliyesema kweli, naye akaondoka na neno hilo.

Kikohozi tena. Saa tisa alasiri, jua kali. Siwezi kusingizia ndoto.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeingia chumbani. Hamna mtu. Mswada wake wa penseli ulikuwa mezani. Nimeinakili aya yote kama alivyoiandika. Sikuhariri.

Mjumbe wa mchapishaji amechukua bahasha ya kitabu saa nane.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwomba radhi kwa sauti, kwa jina lake. Sijui kama imemfikia.

Zuhura alikuwa mlangoni. Akauliza nazungumza na nani.

"Na kaka yako."

Safari hii hakucheka. Akavua viatu, akaja kukaa nami.