Wimbo wa Ng'ombe Kumi na Mmoja

Kabiria,
Nairobi.
Jumapili, 14 Mei 1989

Mpendwa Da Mgeni,

Assalaam alaykum. Habari za Maskati, na habari za Idi iliyopita? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Nabhan na watoto, na kwamba joto la huko halijaanza kuwatesa. Je, mgongo wako? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba umeanza kutulia. Mwenyezi Mungu akuzidishie nafuu.

Sisi huku hatujambo. Baba hajambo pia, ila sikio la kushoto limezidi kuwa zito na yeye hakubali kuambiwa. Shemeji yako Mbarak yuko dukani kwake mjini na anakusalimu sana. Mvua za masika zimeigeuza Kabiria yote tope. Ijumaa nilifika ofisini kiatu kimoja kikiwa na rangi yake na kingine hakijulikani ni cha rangi gani.

Hayo ndiyo ya salamu. Sasa niseme kweli. Hii ni mara ya tatu naianza barua hii, na hata sasa nimeinuka mara mbili kwenda kutazama sufuria jikoni, na hakuna sufuria motoni. Nimekukosea, Da Mgeni. Nisipolisema leo sitalisema tena.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba nimejiunga na kikundi cha kuigiza, tunakutana jioni baada ya kazi. Kiongozi wetu ni Virginia, mwalimu wa muziki anayekaa Mountain View. Hatukuwa na mchezo ulioandikwa. Alituketisha tu, akataka kila mtu aeleze alichokiamini juu ya Mungu alipokuwa mdogo, halafu Kisilu na kinanda chake wakavigeuza nyimbo. Huyo Kisilu aliwabatiza kuku wote wa nyanya yake kwenye beseni, na Krismasi ilipofika akakataa kuketi mezani. Prabha, karani mwenzangu, alikuwa anajua kwamba mungu wao wa nyumbani hulazwa mchana apumzike, kwa hiyo utundu wake wote aliufanya baada ya chakula cha mchana. Mchezo tukauita Meno ya Utoto.

Zamu yangu ilipofika, niliwapa asubuhi ile ya Dagoretti.

Najua tuliapa tusimwambie mtu. Uliniwekesha mkono juu ya msahafu, nami nikakwambia sina udhu, ukasema kiapo kimeshika hivyo hivyo. Naomba nikukumbushe ilivyokuwa. Sidhani kama umesahau, lakini jukwaani sikuieleza ilivyokuwa, na nataka angalau hapa iwe sawa.

Mimi nilikuwa na miaka saba na wewe kumi. Baba alikuwa mchinjaji, na sisi ndio tuliompelekea chai machinjioni kabla ya kwenda shule. Ulikuwa umenifundisha kwamba ng'ombe asiyesomewa Bismillahi atasimama Siku ya Kiyama awadai shingo yake wote waliomla, mmoja mmoja, kwa majina. Hadi leo sijui kama ni maalim wa chuoni aliyesema hivyo au ulilitunga wewe. Ulikuwa hodari wa kutunga.

Asubuhi ile tulichungulia kwenye mwanya wa mbao tukamwona Baba amemlaza ng'ombe akielekea kibla, kisu kiko mkononi, na sauti haitoki. Midomo inacheza tu. Mama alikuwa ametuambia kwamba Baba ana mafua, sauti imemkauka. Mimi nikaanza kulia. Wewe hukulia. Ulinikalisha chini ya ukuta ukasema tutasoma sisi kwa niaba yake, na tukasoma, Bismillahi Allahu Akbar, mimi na wewe pamoja, kila ng'ombe aliyelazwa, mpaka koo zikatukwaruza. Kisha kengele ya shule ikalia. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa bado wamefungwa kwenye uzio. Mimi nilitaka tubaki. Wewe ulisema tutachapwa, ukanivuta mkono tukaondoka.

Miezi miwili sikutia nyama mdomoni. Mama alininywesha dawa ya minyoo mara tatu, maskini, na minyoo yenyewe sina. Wewe ulikula mbele ya watu wote na hukusema neno.

Basi nilipomaliza kusimulia, Virginia aliniuliza, "Na ulikuwa peke yako huko nyuma?" Nikasema ndiyo.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilikuwa nakuficha kwa heshima ya wakwe zako. Si kweli. Watu kumi walikuwa wananitazama na hakuna hata aliyekohoa, na mimi nikaitaka asubuhi ile iwe yangu. Ushujaa ulikuwa wako, na wazo lilikuwa lako. Mimi nilichofanya ni kulia na kufuata. Nimeona haya kuandika sentensi hizi lakini ziache hapo.

Wimbo ukapata jina la hao ng'ombe kumi na mmoja. Tuliuimba Februari, siku sita, katika ukumbi mmoja mjini. Watu walikuwa wanaanza kwa kucheka, na kengele ya shule ikilia hawacheki tena. Baba nilimwambia ni mchezo wa kitoto, hautamfaa. Nilijipa moyo kwamba maneno ya jukwaani huisha watu wakitoka kwenda kutafuta basi.

Lakini Machi tukaingia studio, kule River Road, juu ya duka la vitambaa. Tuliimba mchezo mzima kwa siku moja katika chumba kimoja kilichozibwa kwa magodoro, maikrofoni mbili kwa watu wote. Mkanda huo ndio wa kutolewa kaseti za kuuzwa madukani. Hapo ndipo raha iliponitoka. Unaujua mji huu, kaseti ikipendwa hupigwa katika kila hoteli na kila bucha. Na wenye bucha za mjini hadi leo wanamwamkia Baba kila Ijumaa nje ya msikiti, shikamoo Mzee Mohdhar, kwa sababu miaka thelathini walikula na kuwalisha watu kwa kuuamini ulimi wake. Nikawa namwona amesimama pale pale, na binti yake anaimba kutoka dukani kwamba siku moja ulimi ule haukusema.

Nilimwomba Joash, fundi wa studio, auondoe wimbo wangu, au kama hawezi, aiondoe sauti yangu. "Madam, wimbo ni ya Virginia, muulize yeye," akaniambia. "Na sauti siwezi toa. Wewe umeingia kwa kila maiki. Nikikutoa, natoa kila mtu." Virginia naye hakutaka hata kunisikiliza. "Wacha hiyo maneno, Saleha. Hiyo wimbo ndiyo watu walikuja kusikia. Ukiitoa tumebaki na kuku ya Kisilu."

Ramadhani nzima nilikuwa nahamisha kaseti ya majaribio niliyopewa studio kama mtu aliyeiba. Niliiweka chini ya mashuka, nikaitoa. Nikaiweka juu ya kabati, nikaitoa. Mwisho, kwa kuhofia watoto wasije wakaipiga, nikaichanganya na kaseti za mawaidha za Baba, nikijiambia huko hakuna atakayeitilia shaka. Akili gani hiyo, nakuachia useme mwenyewe.

Jana alasiri nilikuwa natoka soko la Kawangware. Nilipofika mlangoni na kikapu changu nikasikia sauti yangu ndani ya nyumba. Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka, redio kaseti ameisogeza karibu na sikio lake la kulia. Nilisimama pale pale. Wimbo ukaisha. Akaurudisha nyuma akaupiga tena, na mimi bado nimesimama. Alipozima aliniuliza, "Ni wale wa Dagoretti?"

Nilianguka magotini nikamwomba radhi. Akaniambia niweke kikapu chini kwanza, nyanya zinapondeka.

Kisha akasema, "Sikuwa na mafua mimi."

Jioni ya kuamkia siku ile alikuwa amepata telegramu kutoka Faza kwamba mama yake amefariki na ameshazikwa. Alimwambia Mama peke yake. Sisi tuliambiwa Ijumaa, wakumbuka, tukadhani habari ndiyo kwanza imefika. Asubuhi akaenda kazini kwa sababu mchinjaji mwenziwe, Mzee Shee, alikuwa na siku yake ya kupumzika na ng'ombe walikuwa wanangoja. "Nilijua nikifungua mdomo kitatoka kilio," alisema Baba. "Nikawa nasoma moyoni. Mara nikawasikia nyinyi nyuma ya mbao."

Alitusikia, Da Mgeni. Alitusikia tangu wa kwanza. Asema kila alipomlaza ng'ombe alingoja mpaka tusome ndipo apitishe kisu, na kuna mmoja tulichelewa kwa sababu nilishikwa na kikohozi, naye akangoja. Kengele ilipolia akasikia miguu yetu inaondoka. Alisimama kidogo, kisha akakifuta kisu akakiweka. Msimamizi alimfokea mbele ya watu. Yeye akaagiza Mzee Shee aitwe kutoka nyumbani kwake, na hao kumi na mmoja aliwachinja Mzee Shee.

Miaka ishirini na mitano nimekaa na jambo hili. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema aliona ni jambo letu na Mungu, akaona aibu kuliingilia, na baadaye akadhani tumelisahau.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuinuka. Ndipo akakasirika. "Lakini wimbo huu una uongo. Mlikuwa wawili. Mwenzako umemweka wapi?" Nikamwambia nilivyokuambia wewe hapa, pamoja na ile "ndiyo" niliyomjibu Virginia. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na mimi mtu mzima wa miaka thelathini na miwili nikatamani afadhali angenichapa.

Halafu akauliza, "Na Mgeni alikula?" Nikaona nisifiche tena kitu. Shemeji Nabhan alipokuja mwaka juzi alituambia tangu akuoe hujagusa nyama ya ng'ombe, kwako ni samaki na kuku, na ukiulizwa unasema ni tumbo. Watu wote wakacheka. Mimi nilijifanya nakusanya sahani. Nilijua si tumbo. Mimi niliyegoma mbele ya watu nilisahau Idi ya kwanza tu ilipofika, nikala hadi mifupa. Wewe uliyekula ukanyamaza ndiye uliyeacha siku ulipopata jiko lako mwenyewe. Nilijua na sikukuandikia, kwa sababu niliogopa kuligusa, na kwa sababu kukuandikia kungenilazimu kukwambia na mengine. Nisamehe hilo kuliko hata la wimbo.

Kuhusu kaseti, leo asubuhi nimekwenda kibanda cha simu cha Riruta nikampigia Virginia kwamba wimbo usitoke ulivyo. Ama autoe kabisa, ama turudi studio tuuimbe upya na wasichana wawili nyuma ya ukuta. Akaniuliza kwa ukali, "Sasa hiyo ndiyo unaniambia leo, na kazi ya kutoa kaseti ilikuwa ianze Friday?" Lakini amenipa hadi mwisho wa mwezi, na Prabha yuko tayari kuimba sehemu yako. Hataimba bila idhini yako. Barua hii ataichukua jirani yetu anayesafiri Jumanne. Ukiisoma niletee telegramu ya neno moja, ndiyo au hapana. Ukisema hapana, kaseti itatoka bila wimbo huo, na sitakununia hata siku moja. Ila usikawie, maana siwezi kuketi, na Mbarak amechoka kuniuliza nimepoteza nini.

Nisalimie sana Shemeji Nabhan, na Ridhwan na Muna, na bibi yao mzaa baba. Mungu awalinde, akuondolee maumivu ya mgongo, na atukutanishe katika nyumba moja kabla hatujazeeka.

Salamu za Baba nimeziacha mwisho kwa sababu hakuzitoa kama kawaida yake. Alikuja kusimama mlangoni aliponiona na kalamu. Asema nikuandikie kwamba Mzee Shee alikuwa na sauti kubwa, na wote kumi na mmoja aliwasomea, na yeye Baba hakuondoka pale. Alisimama kando akimsikiliza mpaka wa mwisho. Hakubaki hata mmoja.

"Mwambie Mgeni ale," alisema.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata pale alipokuibia,

Saleha