Vigawanyo Mia Tatu vya Mwisho

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba wewe na Mama mmekwisha kupatana juu ya kiasi cha chumvi kwenye mboga. Mimi sijambo. Hapa kiwandani tunashona sare za wanafunzi asubuhi hadi jioni, na vidole vimeota sugu, lakini nashukuru.

Miezi mitatu iliyopita Mama aliniandikia kwamba shule yako itaichora namba yako, 99,999,989, juu ya mlango wa darasa jipya, na karatasi zetu za hesabu zitatundikwa ukutani kama ushahidi. Nilifurahi, kisha moyo ukanipiga paa.

Ulitufundisha tukiwa watoto kwamba hiyo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zenye tarakimu nane: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Uliisoma kitabuni, lakini ukasema ya kuambiwa si yako mpaka uyahakikishe kwa penseli. Vigawanyo vya kujaribu, yaani namba tasa zote zilizo chini ya elfu kumi, vilikuwa 1,229. Ulichukua mia sita, Kaka akapewa 329, mimi mia tatu vya mwisho. Kaka aligawa huku akilia. Mimi nilimaliza kwa siku mbili, nawe ukanisifu mbele ya wageni kwamba nina kichwa chepesi.

Tangu barua hiyo, kila mapumziko ya mchana nakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, nagawa kwenye karatasi za kuchorea vipimo vya nguo. Wenzangu wananiita Profesa. Mwenzangu wa mashine ya jirani, Mama Vifungo, aliniambia simu yake itanimalizia kabla chai haijapoa. Nilikataa. Siku nyingine napata hesabu sita, siku nyingine nakosea moja naanza upya, na kujitukana vizuri.

Baba, nafanya hivi kwa sababu zile hesabu mia tatu sikuzifanya hata moja. Nilitaka kwenda kucheza, nikabuni mabaki kichwani. Tena nilibuni kijinga: penye 9,941 niliandika kwamba imebaki 9,950. Baki kukipita kigawanyo! Mwanafunzi yeyote atakayesimama pale ukutani ataliona, na aibu itakuwa yako, mwalimu wake. Ulikuwa ukiniamini hata hukupitia kazi yangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nisamehe, Baba.

Tafadhali zitoe zile za uongo, utundike hizi nilizofungia humu. Namba yako imegoma kugawanyika kwa kila kigawanyo, kimoja baada ya kingine, na kila ilipogoma nilifurahi kama mwehu.

Lakini humu zimo hesabu 299. Nimekuachia 9,973, kigawanyo cha mwisho, na nafasi tupu chini yake. Ukinirudishia karatasi hiyo ikiwa tupu, nitaelewa. Ukigawa mwenyewe, nitajua umenisamehe.

Mnisalimie Mama na Kaka, na Kaka umwambie alikuwa na haki ya kulia.

Ni mimi binti yako,
Kichwa Chepesi