Ugali wa Michembe wa Mama Egidi

Mtaa wa Mtendeni,
Tabora.
14 Agosti 2024

Mpendwa shangazi Martha,

Shikamoo. Habari za Kanada, na lile goti lako linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila baba anakohoa kwa vumbi la kiangazi.

Nimepata ukarani katika mradi wa lishe wa hapa mtaani. Wageni kutoka Burundi wanafundishwa kupika vyakula vya kwetu. Kazi yangu ni kuandika majina tu, lakini kila mkuu akiniita naangusha kalamu.

Kuna mama mmoja, Nijimbere. Mwanawe Egidi alikuwa anakonda, na muuguzi alisema akipungua tena atalazwa. Mwenye nyumba wao, Bi Maua, akawapa michembe. Nijimbere hakuwahi kuona viazi vitamu vilivyokaushwa. Akadhani ni muhogo, akavitwanga, akachekecha, akasonga ugali. Ukanata mwiko mzima!

"Mama Egidi, unapika ugali au gundi ya viatu?" Bi Maua akamcheka mbele ya wapangaji.

Tangu hapo Nijimbere hakuonekana tena kwenye mapishi, na siku ya kupima watoto ilikuwa inakaribia. Nikatumwa nimwite. Nilifika mlangoni nikasimama, hata hodi ikanishinda. Akaniona mwenyewe.

"Ingia, dada. Ila sina cha kukukaribisha, umebaki unga wa ile gundi yangu."

Nikatamani kujua una ladha gani. Nikamwomba tukoroge uji kidogo, tukatia karanga za kutwanga. Mtamu, shangazi! Egidi akavuta kikombe changu, akamaliza chote. Mama yake akanitazama, akajitanda kitenge, tukaongozana kwenye mapishi.

Kuanzia siku hiyo alikuwa akimnywesha Egidi uji huo asubuhi na jioni. Jana tumempima, ameongezeka uzito. Kidogo, lakini halazwi. Jina lake nililiandika kwa herufi kubwa.

Bi Maua naye alikuwepo. "Haya, mwalimu, hiyo gundi inapikwaje?"

"Lete michembe kwanza, unga wangu umekwisha," Nijimbere akamjibu, wakacheka wote wawili.

Sasa nataka kujua habari zako. Ulipofika huko, chakula gani kilikushinda? Walikucheka? Hukuwahi kutuandikia. Na nani alikubali kuonja ulichopika?

Wasalimie binamu zangu Janeti na Valentino. Baba na mama wanakukumbuka katika sala. Mungu akulinde na baridi ya huko, na mezani kwako pasikosekane mtu wa kula naye.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Asnath