Senene wa Chupa ya Kijani

Jumamosi, Novemba. Mvua asubuhi yote, halafu likatoka jua la kuchoma utosi.

Saa kumi na mbili jioni. Tumefika nyumbani Hamugembe, watoto wamelala bila hata kuoga, na mimi nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyangu vya matope. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Lakini nina ile furaha ya kijinga inayomfanya mtu acheke peke yake barabarani, watu wakageuka kumtazama.

Ametoka mzima!

Nianze vizuri. Tangu Septemba, kila Jumamosi nakwenda Nshambya kwa Mwalimu Leokadia, mama wa makamo mwenye tanuri la umeme nyuma ya nyumba yake. Ananifundisha kutengeneza vitu vya kioo. Unachukua kitu kidogo cha shambani au porini, mbegu, ganda, mdudu, unakizika kwenye uji wa plasta na mchanga laini. Plasta ikikauka unaichoma mpaka kitu kilichomo kiwe majivu. Majivu unayapuliza kwa mrija, linabaki tundu lenye sura ya kile kitu. Unajaza vipande vya chupa, unarudisha tanurini, kioo kinayeyuka na kushuka kwenye kila kona. Ukibomoa plasta, kitu chako kimerudi, ila sasa ni kioo. Mimi niliishia kidato cha nne, sijui kueleza zaidi ya hapo. Najua tu kwamba mara ya kwanza kumwona Mwalimu akibomoa plasta na kutoa ganda la konokono, nilisahau kwamba sikuwa nimelala.

Kulala ni habari nyingine. Mugisha ana mwaka na nusu na meno yake yanaota kwa zamu ya usiku. Koku ana miaka minne na maswali elfu. Baba yao yuko kazini Biharamulo, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Ijumaa tunakwenda kulala kwa mama yangu Izigo, na Jumamosi alfajiri nawaacha naye, nakwenda Nshambya. Bila Mama hakuna tanuri, hakuna kioo, hakuna kitu.

Na Jumamosi iliyopita Mama alisema basi.

"Mwanangu, maharage yangu yanasubiri palizi na mimi nimekaa napangusa makamasi. Ukirudi tena na vipande, Jumamosi zako zimeisha. Utakaa ulee."

Hakupaza sauti. Mama akiwa anatania hupaza sauti. Akiwa na maana yake, anamenya ndizi na kusema polepole.

Alikuwa na haki, ndiyo maana iliniuma. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitawi cha kahawa chenye buni tatu. Mwalimu aliniuliza kama plasta imekauka, nikasema ndiyo, na haikuwa imekauka. Ilipasukia tanurini. Ya pili ilikuwa mbegu za mkaratusi, na hiyo nilifungua tanuri likiwa bado na joto kwa sababu nilitaka kuwahi gari. Ilitoka nzuri! Niliishika kama sekunde tano. Ikalia tik, ikawa vipande vitatu mkononi mwangu.

Halafu hili sikumwambia mtu mpaka leo: nilimdanganya Mama. Nilimwambia imetoka salama, Mwalimu ameiweka kwake. Koku akapekua begi langu, akatoka mbio hadi jikoni. "Bibi, angalia, barafu!"

Ndipo yakaja yale maneno ya palizi.

Basi iliyobaki ilikuwa hii ya tatu tu. Siku ile ile ya vipande, kabla sijaondoka Nshambya, Mwalimu alikuwa amenipa kikombe cha senene, panzi wetu wa kuliwa, hai, wamefunikwa na jani. Akasema nichague mmoja mnene tumzike wiki hii. Akaenda kukoroga plasta. Nikakaa kwenye kigoda nikiwaza nitamwambia nini Mama, napiga miayo, kikombe mapajani.

Mwalimu aliporudi na ndoo yake alisimama tu, akanitazama.

Nikaangalia chini. Mabawa upande huu, miguu upande ule, na senene wote wamenyofolewa, safi, tayari kwa kikaango. Mikono yangu ilikuwa imefanya kazi bila kuniuliza. Nimenyofoa senene tangu nina miaka sita, nikiwa kwenye mkeka na Mama. Nadhani hata nikiwa maiti, mtu akiniwekea senene mkononi nitamnyofoa.

"Na chumvi umeshaweka?" akauliza Mwalimu. Alicheka mpaka ikabidi aweke ndoo chini.

Sikuwa na mwingine. "Tumzike mmoja hivyo hivyo," akasema. "Miguu yenyewe ni nyuzi, kioo kingekwama njiani." Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Tulimpachika kwenye kipande cha nta ya mshumaa ili kioo kipate mlango wa kuingilia, tukammwagia plasta. Safari hii niliiacha ikauke siku tatu, Mwalimu akinitumia habari zake kama za mgonjwa. Kioo nilileta mimi, chupa za kijani za aina moja tu. Chupa tofauti hazipoi kwa mwendo mmoja, ukizichanganya zinavutana mpaka zinapasuana.

Jumatano umeme ukakatika. Mwalimu akachoma Alhamisi badala yake, Ijumaa akajaza kioo na kurudisha tanurini. Ndiyo maana leo asubuhi, nilipofika nimelowa mvua, tanuri lilikuwa bado halijapoa.

Mwalimu alikuwa anakwenda msibani. Akaniachia nyumba na sharti moja: "Kiganja kikisikia joto hata la chai iliyosahauliwa, usifungue."

Saa tatu nikagusa. Joto. Saa nne, joto. Mama alikuwa ameniambia nirudi kabla ya saa nane, kwa sababu saa tisa ana jumuiya, na hii wiki wanasalia kwa jirani aliyefiwa, si ya kukosa. Nikapiga hesabu ya njia. Nikashika komeo la tanuri.

Nakiri, nililishika. Nikajiambia joto hili ni dogo, joto la mkono wa mtoto tu. Ukiwa umechoka unaweza kujishawishi kitu chochote. Nikasema ngoja nikae kidogo nifikiri. Nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa tanuri, ule uvuguvugu ukanipanda mpaka shingoni, na mvua inapiga mabati.

Nikalala!

Nimelala kama gunia. Hakuna jino, hakuna "mama maji". Kilichoniamsha ni simu.

"Uko wapi wewe? Saa nane imepita!"

"Nakuja, Mama, waitu," nikambembeleza.

"Unakuja kutoka wapi? Nasikia sauti ya mto wa kulalia."

Nilipokata simu niliweka kiganja kwenye tanuri. Baridi. Baridi kama mtungi.

Kwa miezi yote hii nimekuwa nikiulaumu uchovu wangu, na leo ndio umenishika mkono nisiharibu.

Nikafungua. Nikatoa donge la plasta, nikaanza kulibomoa kwa mwiko wa mbao, polepole, nikiwa nimefunga kitambaa puani. Kikatokea kijani. Nikachovya kwenye beseni la maji, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Kichwa. Jicho! Jicho moja kama punje ya ulezi. Halafu mapingili ya tumbo, moja baada ya jingine, yote. Nikasubiri ile tik. Nilimweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa.

Kimya. Akakaa kiganjani mzima, mwanga unapita ndani yake.

Nilipiga kelele peke yangu uani kwa watu. Kisha nikamsugua kwa msasa na maji pale kioo kilipoingilia, palipokuwa pakali, nikamfunga kwenye taulo, nikakimbia.

Izigo nilifika saa tisa na nusu. Mama alikuwa amekaa sebuleni na kitenge chake cha jumuiya, mkoba mapajani, Mugisha amelala begani kwake. Jumuiya imeshampita. Hakuniitikia salamu.

"Vipande viko wapi?"

Kabla sijajibu, Koku alikuwa ameshafungua taulo. Akamwona senene. Akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa huku angefanya.

"Toa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, shavu limevimba.

"Koku. Toa. Sasa hivi." Sikupaza sauti. Nikajisikia nikisema polepole, kama yule mmenya ndizi. Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake mpaka akamtema.

"Hana chumvi," akalalamika.

Mama akatoa kicheko kwa pua, akajifanya anakohoa. Akanyoosha mkono. Akamfuta senene kwa ncha ya kitenge, akamgeuzia dirishani, akapitisha kidole kwenye mapingili, akafika pale ambapo miguu ingekuwa.

"Nani kamnyofoa?"

"Mimi. Mikono ilijiendea."

"Umenyofoa vizuri. Hukutoboa tumbo."

Hapo ndipo nikamwambia kwa kinywa changu. Kwamba ile ya mkaratusi ilipasuka na nilimdanganya, na kwamba leo nimechelewa kwa sababu nililala, nikamkosesha jumuiya, anisamehe.

"Najua ilipasuka. Koku alinionyesha, na kipande kingine nilikikanyaga." Akamweka Mugisha vizuri begani. "Jumuiya utakwenda wewe kuniombea radhi, kesho baada ya misa. Mimi siendi kujieleza kwa sababu ya usingizi wa mtu."

Nitakwenda. Ni haki yake.

Akainuka, akamweka senene dirishani, karibu na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna anayowapa wageni. Nikasema Mwalimu hajamwona bado. Akasema Mwalimu ana miguu, aje Izigo.

Nilimchukua Mugisha, nikamshika Koku mkono, tukatoka. Tulikuwa tumeshafika migombani nilipomsikia nyuma yetu, sauti juu, safari hii sauti juu kabisa:

"Na senene mmoja anajaza kikaango cha nani? Jumamosi uwahi!"

Sasa ngoja nivue viatu.