Mtama wa Pembe za Khanga

Mama yangu mpendwa,

Leo nimekumbuka siku uliyoniaibisha Kariakoo, nikacheka peke yangu dukani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, nami nimepata kibanda cha kuuza mbegu za mahindi za pakiti. Kwetu Nachingwea mvua zilishaanza kuchelewa na kukatika mapema, nikakutumia mbegu hizo za kisasa. Ulivuna vizuri. Kisha ukafanya kama bibi alivyokufundisha: ukachagua mahindi makubwa, ukayatundika jikoni yapate moshi, ukayapanda mwaka uliofuata. Nilisahau kukwambia mbegu zile hazirudiwi. Yakaota mahindi ya kimo cha goti. Kosa lilikuwa langu, njaa ikawa yako.

Ukaja Dar. Nilijua umekuja kukaa. Nilishakununulia kitanda, na nilishakushauri shamba liuzwe. Kumbe asubuhi yake ulishika njia ya sokoni, kwa wauza nafaka, mmoja baada ya mwingine. Mimi nyuma yako, nimeinamisha uso.

"Shikamoo mama, karibu mtama."

"Marahaba. Huu umetoka wapi?"

"Kwetu Dodoma."

"Mvua huko zinanyesha mara ngapi?"

Muuzaji akacheka. "Zikinyesha mara tatu tunapiga vigelegele!"

"Basi nipe kikombe."

"Lakini mama, huo ni wa uji, si wa kupanda."

"Mtama wenyewe haujui hilo," ulimjibu.

Ulizunguka mpaka adhuhuri. Doti moja ya khanga, pembe nane. Kila pembe ukafunga mtama wa mahali pake. Mimi mwenye duka la mbegu sikuwa nimewahi kuwauliza watu wale swali hata moja.

Ukarudi Nachingwea, ukaipanda yote. Mitama sita haikufua dafu. Ule wa Dodoma na ule wa Singida ikasimama, majirani wakaja kuomba mbegu. Mpaka leo, miaka miwili tangu tukuzike, wanaipanda pamoja na mihogo, na shamba lako halijauzwa.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Siku ulipopanda basi kurudi, niliomba mvua isinyeshe, ushindwe, urudi ukae nami. Na kweli mwaka ule mvua zilikatika mapema. Nilijiona nimewaroga watu wote wa kwetu. Ndipo ikaja barua yako: umevuna, nisihangaike kutuma chakula.

Mama, nililia kwa furaha. Dua yangu ilikubaliwa, na wewe ukaishinda.

Pumzika salama,
Binti yako mkubwa