Salamu Ziwe Mwisho

4 Machi

Kwa binti yangu mpendwa, Mama Maswali,

Hujambo mwanangu? Habari za kazi na wagonjwa wako? Mimi huku ni mzima wa afya kabisa, sina neno, wasiwasi wangu ni wewe uliye mbali.

Barua nampa dereva wa basi kama kawaida, maana mimi na simu tumeshindwana. Masikio yaliyogongewa nyundo maisha yote hayasikii kitu kinachonong'ona. Shangazi yako ananiwekea simu sikioni, mimi nasikia mbu.

Kazi ipo, ila siku hizi nafunga kibanda mapema. Nikiinuka kwenye kigoda dunia inazunguka mpaka nishike ukuta. Uzee huo. Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jingine, kisha jingine tena. Zahanati walinipa dawa ya vidonda vya tumbo kwa sababu chakula kinanikinaisha, baadaye wakanipa ya malaria. Na shangazi yako amesahau kutia chumvi. Naongeza mwenyewe mpaka ananinyang'anya kopo. Anasema pia nimekuwa mweusi kuliko soli. Nikamwambia, fundi viatu asipochafuka rangi atachafuka nini, unga?

Usihangaike. Wewe soma huo ubingwa wako.

Baba yako

11 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inakwenda.

Umeandika kwamba ni mzima wa afya kabisa, halafu ukanijazia ukurasa wa ugonjwa. Hata wodini ni hivyo hivyo. Namuuliza mgonjwa hujambo, ananijibu sijambo daktari, na dripu inaingia mkononi.

Shangazi hajasahau chumvi. Nimemuuliza. Kwa hiyo nijibu haya bila kunizungusha. Mistari ya viganja vyako ni myeusi? Ukiisugua kwa mafuta ya taa inatoka? Kisha chukua kioo, simama penye mwanga, vuta mdomo wa chini uniambie fizi zina rangi gani.

Na nakuomba, barua ijayo ianze na ugonjwa. Salamu ziwe mwisho.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi mzima wa afya. Barua isiyo na salamu ni sawa na kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani, na mimi sikukulea hivyo.

Haya, maswali yako. Mistari ni myeusi. Nimesugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawasha, haitoki. Cha ajabu ni kwamba mkono wa kushoto nao umekuwa vilevile, na huo haushiki brashi. Kovu la pale nilipojichoma na msharasi wa kutobolea viatu mwaka huu nalo limekuwa jeusi. Fizi zina madoadoa kama za mtu aliyekunywa wino. Shangazi yako alinicheka, akaja kuchungulia mwenyewe, akaacha kucheka.

Sasa fizi na kizunguzungu vinahusiana nini?

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Rangi ya viatu haifiki kwenye fizi.

Asubuhi hii nimeeleza habari zako kwenye kikao cha madaktari, bila kusema ni za nani. Mzee fundi, amekonda, anatamani chumvi, akisimama anashikwa na kizunguzungu, anazidi kuwa mweusi na kila mtu anailaumu kazi yake. Bingwa wetu akauliza, "Yuko kitanda gani huyo?" Nikamjibu hayuko kitandani, yuko kibandani anashona viatu, ni baba yangu.

Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Zinatengeneza kitu kinachoshikilia chumvi mwilini na kuizuia presha isianguke. Nadhani zako zimekoma kufanya kazi. Ugonjwa huu ni adimu, unajificha kwenye magonjwa mengine, na ukiachwa unaua. Dawa yake ipo.

Nenda hospitali kubwa kesho. Karatasi iliyo humu ndani mpe daktari wa huko, ina vipimo ninavyoomba. Usimalizie kiatu cha mtu kwanza. Nakujua.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi mzima.

Nilimalizia kiatu cha mtu kwanza. Jozi ya bwana harusi, ningemwachaje? Nilipoinuka kumkabidhi, nikaanguka juu ya kigoda. Bwana harusi ndiye aliyenibeba, na viatu vyake shingoni.

Shangazi yako alimpa daktari karatasi yako. Akaisoma, akanifungua mdomo, akasema hangoji majibu ya maabara. Nikatundikiwa maji ya chumvi na kuchomwa sindano. Kesho yake niliomba chakula, nikala, nikaomba tena. Majibu yamekuja, ni tezi kama ulivyosema. Nimepewa vidonge.

Nimekusumbua, mwanangu.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Siku dereva aliponiletea barua yako ya Aprili nilikaa nayo mfukoni wakati wote wa raundi. Kila siku nawapa watu habari mbaya, lakini bahasha yako niliogopa kuifungua.

Sasa nasikia kwa shangazi kwamba unameza nusu kidonge kwa sababu unajisikia vizuri, na unasema kiatu kikishapona hakirudi kwa fundi. Baba, wewe si kiatu. Unajisikia vizuri kwa sababu ya hicho kidonge. Ni cha maisha yako yote, kila siku, kizima. Ukipata homa, unameza mara mbili. Ukitapika, usingoje, kimbilia hospitali uchomwe sindano. Kadi niliyokutumia, yenye jina la ugonjwa na sindano unayohitaji, isitoke mfukoni.

Nimebaki na mzazi mmoja tu. Usinifanyie hivi.

Mwanao

27 Julai

Mimi si mzima. Nilipata homa jana, nikameza vidonge mara mbili. Leo nimevitapika. Kibandani kulikuwa na wateja watatu, nimewaacha wamekaa na soksi zao nikamwita mwenye pikipiki. Mapokezi wakaanza habari za nyumbani, mzee, habari za kazi, nikawanyooshea kadi kabla sijaitikia. Wameniona sina adabu.

Nimeshachomwa sindano. Dripu iko mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Mkojo na kifua wamepima, wanasema ni nimonia, na dawa yake nimeanza. Presha iliyokuwa imeanguka imerudi. Daktari amesema ningengoja mpaka jioni nisingefika hai.

Haya, sasa salamu. Marahaba, mwanangu. Hujambo?

Baba yako